Mjane Aliyeulizwa Mara Tisa

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wakisema hivyo humtupia jicho la wasiwasi yule aliyekaa pembeni bila kutia neno. Maana ya methali hii si ngumu kueleza. Anayenyamaza si lazima awe hana la kusema, na siku kimya chake kitakapofunguka, waliozoea kupayuka watajikuta hawana pa kushika. Kueleza ni rahisi, lakini kuamini ni kazi, hasa kwa watu wenye midomo, na chuo kikuu ni mahali ambapo watu wenye midomo hawajawahi kuadimika.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka kumi na minne. Meza yake ilikuwa chini ya jukwaa la hakimu, ikitazamana na kizimba cha mashahidi, na mguu wake mmoja ulikuwa umetiwa kipande cha boksi ili usiyumbe. Hapo ndipo alipoandika mwenendo wa kesi kwa mkono, neno kwa neno, kuanzia kiapo mpaka hukumu. Siku yake ya kwanza kazini, karani mzee aliyemwachia kiti alimpa somo moja tu. "Andika lililosemwa," alimwambia. "Ulilodhani, nenda nalo nyumbani ukampe mumeo."

Alilishika somo hilo kama mtoto anavyoshika nauli. Shahidi akisema uongo wa mchana kweupe, aliuandika vilevile, na wakili akijikanyaga, aliandika alivyojikanyaga. Na shahidi akiulizwa swali asijibu, Karani alifungua mabano akaandika: shahidi ananyamaza. Makarani wengine hawakujisumbua na jambo hilo, kwa kuwa waliona kunyamaza si usemi. Yeye aliona kwamba mtu aliyeulizwa akanyamaza amefanya jambo mbele ya mahakama, na jambo likifanyika mbele ya mahakama, lazima liandikwe. Kwa kuandika hivyo alizoea na yeye kukaa kimya, kwani mdomo na mkono wake havikuweza kufanya kazi pamoja. Hata sokoni alikuwa mtu wa kuonyesha kwa kidole.

Kilichomtoa mahakamani ni kesi ya msichana mmoja wa kazi za ndani, aliyeshtakiwa kuiba bangili ya mwajiri wake. Wakili alimuuliza nani aliyempa ufunguo wa chumba. Msichana akamtazama kijana wa nyumba ile, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma amekunja mikono, kisha akainamisha kichwa. Aliulizwa mara tatu, na mara tatu Karani akaandika kwamba mshtakiwa ananyamaza. Msichana alifungwa miezi sita. Mwenendo ulipochapwa upya kwa ajili ya jalada, mchapaji aliyaruka mabano yote matatu. Karani alipomuuliza, alijibiwa kwamba yale hayakuwa maneno, yalikuwa nafasi tupu.

Karani alikosa usingizi kwa jambo lile. Alijua alichokiona, ila hakujua namna ya kukisema. Hakuwa na sentensi ambazo zingemwambia mtu mwenye akili timamu: tazama hapa, halafu hapa, na kwa sababu hizi mbili amini hivi. Mwaka uliofuata aliomba ruhusa ya masomo, akaenda chuo kikuu kusomea fasihi. Wenzake walicheka wakasema angekwenda kusoma sheria angalau akarudi na joho. "Sheria naisikia kila siku," aliwajibu. Hayo ndiyo maelezo yote waliyoyapata.

Sasa, ndugu msomaji, usidhani mambo yalimnyookea. Somo la Fasihi ya Dunia lilimtoa jasho. Lilifundishwa na mhadhiri mmoja mwenye mvi za kando na miwani iliyofungwa uzi, ambaye wanafunzi walimwita Kwanini, kwa sababu hilo ndilo neno aliloandika pembeni ya kila insha. Ukiandika kwamba mhusika fulani ni mkatili, anaandika: kwa nini? Ukieleza ni kwa nini, anaandika tena: na kwa nini hilo? Wanafunzi walisema hata akiletewa chai huiuliza kwa nini imekuja. Hakuwa mtu mbaya, bali aliamini kwamba mwanafunzi akikubaliwa haraka hubaki na akili aliyokuja nayo.

Insha za Karani zilimshinda hata Kwanini kuziuliza maswali. Aliagizwa achambue riwaya, yeye akaandika mwenendo wake. Aya zake zilikuwa na namba. Mhusika wa kwanza alieleza kwamba alifika nyumbani saa kumi. Mhusika wa pili alikanusha, akadai kwamba ilikuwa saa kumi na moja. Kila alichosema kila mtu kilikuwamo, kwa mpangilio na bila kosa, na insha yake moja ilimalizika kwa maneno haya: hadithi ikaahirishwa. Mwaka wa kwanza alifeli. Mwaka wa pili akalirudia somo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe, kwa kuwa barua yake ya ruhusa ilisema bayana kwamba mwanafunzi akifeli somo moja mara mbili, ruhusa inafutwa na anarudi kwenye meza yake siku ya kazi inayofuata.

Insha ya pili ya mwaka huo iliporudi na alama thelathini na tisa, Mhadhiri alimwita ofisini. Ilikuwa ofisi nyembamba, yenye vitabu mpaka kwenye kiti cha wageni, ikabidi Karani asimame mpaka vilipohamishiwa sakafuni.

"Mama, kaa," alisema Mhadhiri. "Nimesoma kazi yako mara mbili. Hujakosea jina hata moja. Hujakosea hata siku ya juma. Nina wahadhiri wenzangu humu ambao hawajakisoma kitabu hiki vizuri kama wewe."

"Asante, Mwalimu."

"Usishukuru bado. Umenieleza kila kitu kilichotokea, na mimi kitabu ninacho. Wewe umeona nini?"

Karani alitazama mikono yake. "Niliyoyaona ndiyo hayo niliyoandika."

"Hayo ndiyo waliyoyaona wao, wahusika. Wewe je?"

Mhadhiri akavua miwani akaifuta kwa upindo wa shati, na sauti yake ikashuka. "Imebaki kazi moja, ile ya semina, na ina uzito wa nusu ya somo. Utaisoma mbele ya darasa na utaulizwa maswali. Nataka ufaulu, Mama. Lakini siwezi kukupa alama za huruma, maana utakwenda nazo wapi?"

Karani alitoka mle ndani akiwa mnyonge. Umri wake ulikuwa arobaini na mmoja, na alikuwa ameambiwa kwa upole kwamba miaka kumi na minne ya uaminifu ilikuwa ndiyo ugonjwa wake. Alikaa kwenye ngazi za jengo la fasihi, akaifungua ile barua ya ruhusa, akaisoma tena kana kwamba huenda imebadilika.

Alipokuwa hapo alipitiwa na mwanafunzi mwenzake, kijana waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alikuwa na moyo mzuri na sauti ya kuuzia mnadani. Darasani aliongea kabla swali halijaisha, na insha zake zilisheheni majina ya wahakiki kama mchele wenye mchanga.

"Mama Karani, mbona umenuna hivyo?" aliuliza, akaketi bila kukaribishwa. "Ni Kwanini huyo? Achana naye. Semina mimi nakusaidia. Riwaya ni ile ya msagaji wa ngano, sivyo? Basi usiihangaikie. Unachukua vitabu viwili vya uhakiki, unachukua maelezo ya Mwalimu mwenyewe, unasema kama wanavyosema wao. Unatia utengano wa kijamii, unatia mgogoro wa vizazi, unafunga duka."

"Na mimi nitakuwa nimesema nini, mwanangu?"

"Wewe? Wewe utakuwa umefaulu."

Karani alicheka, na kwa siku mbili alijaribu kweli. Alikaa maktaba akanakili maneno ya wahakiki kwa mwandiko wake mzuri wa mahakamani, na kila aliyemnakili alimtaja jina, kwa uaminifu. Lakini alipoisoma kazi yake aliona ni uleule mwenendo wa kesi, ila safari hii mashahidi walikuwa maprofesa. Akaichana karatasi, akaitia kwenye pipa.

Riwaya yenyewe ilikuwa imetafsiriwa kutoka lugha ya nchi ya mbali, huko ambako mito huganda. Ilimhusu msagaji mmoja mwenye kinu cha kusaga ngano kilichozungushwa na maji. Usiku mmoja kinu kiliungua na msagaji akafia ndani. Kurasa mia tatu zilizobaki, watoto wake wawili wa kiume na shemeji yao walivutana kuhusu nani aliyewasha moto, mpaka mwisho ukoo ukasambaratika bila kujulikana ni nani. Alikuwamo pia mjane wa marehemu, mama wa wale vijana, aliyekanda unga, akateka maji na kushona viraka kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho. Maelezo ya Mhadhiri, ambayo wanafunzi walikuwa wakiyarithishana kwa miaka tisa, yalimmaliza kwa mstari mmoja: mjane ni mhusika bapa asiye na undani, ambaye mwandishi amemsahau kwa nusu ya riwaya.

Nyumbani, mumewe Karani alikuwa fundi kufuli. Alitengeneza funguo chumba cha mbele, akazungumza na kila kufuli aliyoifungua, na kwa jumla alikuwa akisema sehemu yake na ya mkewe. Jumamosi moja asubuhi alimkuta mkewe amejiinamia juu ya kitabu, chai imepoa.

"Mke wangu, kitabu hicho utakitoboa kwa macho," alisema. "Kwani kazini ulikuwa unasoma?"

"Kazini nilikuwa nasikiliza."

"Basi lete nikusomee, wewe sikiliza."

Lilikuwa wazo la mzaha, lakini Karani alimpa kitabu. Fundi alifuta mikono yenye grisi, akavuta kiti, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu, akampa kila mhusika sauti yake. Mtoto mkubwa alimpa sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Mdogo alimpa sauti ya haraka, na shemeji akaongea kupitia puani. Mjane alimpa sauti laini yenye mikwaruzo kidogo, ambayo kwa kweli ilikuwa sauti ya mama mkwe wake, ila hakusema. Karani naye, bila kufikiri, alivuta karatasi na kuanza kuandika mwenendo, maana mtu akiongea mbele yake mkono wake hauwezi kutulia. Waliendelea hivyo Jumamosi yote hadi jua likaegemea dirishani, wakaendelea tena Jumapili kutwa.

Walipofika sura ya kumi na moja, Fundi alishusha kitabu akalalamika. "Huyu mjane ananionea. Nimemwandalia sauti nzuri, na kwenye mambo ya unga na mbuzi ananipa kazi. Lakini wakifika kwenye moto, wanamuuliza, mimi nakohoa nijiandae, kumbe anajibu mwingine. Imekuwa mara ngapi sasa? Koo langu limechoka bure."

Karani alitazama karatasi zake. Alizirudia toka mwanzo kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, akipita juu ya maneno ya watoto na ya shemeji. Mabano yalikuwa sita. Mjane ananyamaza, mjane ananyamaza, mjane ananyamaza. Alikuwa ameyaandika kwa mazoea, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake, na hakuwa ameyaona.

"Endelea kusoma," alimwambia mumewe.

"Chai kwanza."

"Mume wangu, nakuomba, endelea."

Fundi alimtazama mkewe, akaona uso ambao hakuwa ameuona tangu ile kesi ya bangili, akaendelea. Mpaka mwisho wa kitabu mabano yalifika tisa. Usiku ule Karani alilala mapema na akalala vizuri, na kesho yake, kabla ya mume kuamka, alianza kuuliza mabano yake swali la Mhadhiri. Mara hizi tisa, kwa nini? Nani alikuwamo chumbani? Mjane alikuwa akifanya nini? Aliulizwa na nani? Aliandika jibu la kila swali mbele yake, akafuta, akaandika tena. Sentensi yake ya kwanza yenye neno "naona" ilimchukua asubuhi nzima, na alipoiandika alitazama mlangoni kana kwamba amevunja sheria.

Siku ya semina walikuwa wanafunzi kumi na wanane kuzunguka meza ndefu, madirisha wazi na mapazia yakicheza. Redio alianza. Alisoma kwa madaha, akawataja wahakiki saba, na alipofika kwa mjane alisema kwamba, kama Mwalimu mwenyewe anavyotufundisha, ni mhusika bapa aliyesahauliwa na mwandishi. Mhadhiri alimuuliza kwa nini. Redio akasema kwa sababu imeandikwa kwenye maelezo, watu wakacheka, na Redio mwenyewe akacheka pamoja nao.

Kisha ikawa zamu ya Karani. Alisimama, kwa sababu mahakamani watu husimama, na akasoma kwa sauti bapa ya kusoma mashtaka.

"Hoja yangu ni kwamba mwandishi hajamsahau mjane," alisoma. "Naona kwamba mjane anajua nani aliyewasha moto, na kwamba mwandishi ametujulisha hivyo kwa kumnyamazisha. Anaulizwa kuhusu usiku ule mara tisa. Hajibu hata mara moja. Mara nne anajibiwa na mtoto mkubwa, mara mbili na shemeji, na mara tatu mazungumzo yanahama."

Kiti kililia mahali fulani. Mhadhiri aliinua mkono kumsimamisha, na wanafunzi wakamwonea huruma, kwa kuwa walijua neno linalofuata.

"Mama, ngoja. Kunyamaza si ushahidi. Kwa nini isiwe hajui tu?"

"Asiyejua husema sijui, Mwalimu." Karani alifungua ukurasa mwingine. "Na huyu neno hilo analo. Sura ya nne anaulizwa theluji itakoma lini, anasema sijui. Sura ya tisa anaulizwa mbuzi amepita wapi, anasema sijui. Kwenye moto peke yake ndipo hasemi sijui. Angeweza kulisema. Lingekuwa uongo, kwa hiyo halisemi."

Mhadhiri aliivuta miwani karibu na macho. "Haya. Tuseme anajua. Anamficha nani?"

"Mtoto mdogo. Mara nane kati ya hizo tisa, mtoto mdogo yumo chumbani. Mwandishi anamtaja kila mara, hata pale ambapo hana kazi yoyote. Anakata kucha. Anatafuta kiatu. Kwa nini tuambiwe anatafuta kiatu?"

"Na mara ya tisa? Sura ya kumi na tisa hayumo. Nakumbuka vizuri, ameenda uani."

"Ndiyo, yuko uani, anapasua kuni." Karani alisoma mstari kutoka kitabuni, kwamba mama aliulizwa, akaacha kukanda, na nje shoka likasikika. "Mwandishi hakutosheka kutuambia kwamba hayumo. Alitaka tumsikie."

Hapo hata waliokuwa wakichezea kalamu waliacha. Mhadhiri alifungua nakala yake mwenyewe ya riwaya, ambayo jalada lake lilikuwa limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, akaenda sura ya kumi na tisa, akasoma, akarudi sura ya nne, akasoma. Karani alibaki amesimama. Aliona wazi kwamba amempinga mtu aliyeshika ruhusa yake mkononi, tena mbele za watu, tena kwa maandishi.

"Bado nina tatizo," alisema Mhadhiri mwishoni. "Mwandishi ana kurasa mia tatu. Angetaka tujue, si angetuambia waziwazi?"

Swali hili halikuwamo kwenye karatasi zake. Karani aliziweka mezani. Kwa mara ya kwanza tangu aingie chuo hicho, alisema kitu ambacho hakuwa amekiandika kwanza.

"Akituambia waziwazi, Mwalimu, atakuwa amemfichua mtoto mbele ya mama yake, na huyo mama amekaa kurasa mia tatu akizuia jambo hilo lisitokee. Nadhani mwandishi alimheshimu. Alituachia nafasi, ili anayetaka kumsikia amsikie." Alifunga kitabu. "Nimewahi kumwona mtu akinyamaza hivi, kazini kwangu. Niliandika. Walipochapa upya waliondoa, walisema ni nafasi tupu. Alifungwa. Mimi nilijua, na sikuweza kusema, na jambo hilo limeniuma mpaka leo. Ndiyo maana niko hapa."

Alitaka kuketi lakini hakuona kiti, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi. Redio, aliyekuwa karibu naye, alikisogeza nyuma yake polepole. Hakusema kitu, na wenzake baadaye walilitaja jambo hilo kama muujiza wa muhula.

Mhadhiri alivuta faili lake la maelezo, yale ya miaka tisa, yaliyochakaa kwenye pembe. Alitafuta ukurasa, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi moja. Alifanya hivyo bila kuficha, na kila mtu mezani aliona ni sentensi gani.

"Kuna mambo ya kurekebisha," alisema. "Lugha yako ni kavu mno, Mama, unaandika kana kwamba mtu atakukatia rufaa. Na hilo la mara tatu ambazo mazungumzo yanahama hujalieleza vya kutosha. Kwa hiyo sitakupa alama za juu kabisa, Redio huenda akakupita kwa ufundi wa maneno. Lakini umefaulu. Umefaulu vizuri, na barua ya ruhusa nitaijibu mimi mwenyewe leo hii."

Karani alifunika uso kwa kiganja. Alikuwa na furaha, furaha nzito ya mtu aliyetuliwa mzigo aliodhani ni sehemu ya mgongo wake.

"Nani ana swali?" Mhadhiri aliwauliza wengine. Aliwazungusha macho wote kumi na saba, akiwemo hata Redio, na hakuna aliyeinua mkono.

"Basi ninalo mimi," alisema. Aligeuza karatasi ya maelezo upande usioandikwa, akaiweka sawasawa mbele yake, akashika kalamu. "Naomba uirudie hoja yako toka mwanzo. Taratibu kidogo, Mama, ili tuweze kuandika."

Wanafunzi wote walifungua madaftari. Mwanamke aliyekuwa ameandika maneno ya watu kwa miaka kumi na minne alisafisha koo, akaanza kusema, na watu kumi na wanane wakainamisha vichwa wakaandika lile alilosema. Kwa hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.